Gari linazima njiani, likipoa linawaka: namna ya kulivizia

Gari lililokufa kabisa halina shida kubwa. Kuna kitu hakifanyi kazi, unakitafuta, unakipata. Linalotesa watu ni lile linalozima leo asubuhi, likakaa robo saa, likawaka kwa mpigo mmoja, likatembea siku nne bila neno, kisha likazima tena katikati ya makutano. Ukilipeleka kwa fundi linaunguruma kama limetoka kiwandani jana. Fundi anakanyaga mafuta mara tatu, anasikiliza, halafu anakutazama wewe badala ya injini.

Hapo ndipo vipuri vinapoanza kubadilishwa kwa kubahatisha. Pampu ya mafuta, plagi, filta, koili. Kila kipuri kinaonekana kimetibu, maana gari limemaliza wiki bila kuzima. Tatizo ni kwamba gari hilo hilo hupitisha wiki bila kuzima hata lisipoguswa, kwa hiyo wiki hiyo haijathibitisha chochote.

Mimi nashauri kinyume cha tunavyozoea kufanya: likizima, usikimbilie kuliwasha. Lisogeze pembeni na uanze kupima pale pale. Dakika kumi za kwanza mgonjwa bado ana homa. Likishawaka, homa imeshuka na hakuna cha kupima. Weka kwenye buti plagi moja ya ziada, testa ya taa ya volti 12, multimita ya kawaida, na daftari. Daftari si mapambo. Andika lilizima saa ngapi, lilikuwa limetembea muda gani, tenki lilikuwa na mafuta kiasi gani, mvua au jua, mlima au tambarare, kiyoyozi kiliwashwa au la, na lilichukua dakika ngapi kukubali kuwaka tena. Baada ya kuzima mara tano, kurasa hizo zitakuambia mengi kuliko mtu yeyote anayesikiliza injini ikiwa nzima.

Kabla ya kupima, usalama. Injini ikizima ukiwa mwendoni, busta ya breki huwa na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kanyaga mara moja, ushikilie, usipampu. Usukani utakuwa mzito lakini bado unageuka. Na usirudishe funguo hadi mwisho gari likiwa bado linatembea, usukani utajifunga.

Lilizimaje?

Kuna kukatika na kuna kufifia. Kukatika ni kama mtu amezungusha funguo: sekunde hii injini inavuta, sekunde inayofuata kimya, bila kukohoa. Hapo karibu kila mara ni umeme. Kufifia ni pale gari linapopoteza nguvu, linashtukashtuka, ukikanyaga linazidi kulegea, ukiachia kidogo linajikokota, mwishowe linakufa. Hapo injini inakosa mafuta. Aina ya tatu haikuzimii mwendoni kabisa. Inasubiri usimame kwenye taa nyekundu, mshale unashuka, mwili wa gari unatetemeka, puu. Hiyo ni hewa na sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta.

Kama gari lina geji ya mizunguko, iangalie sekunde ile ile. Kwenye gari la gia za mkono, ukiwa hujakanyaga klachi, magurudumu bado yanaizungusha injini hata kama imezima. Kwenye magari mengi ya zamani geji hiyo inapata taarifa zake kwenye mfumo wa moto wa plagi. Kwa hiyo mshale ukianguka hadi sifuri huku gari linatembea na gia imo, injini inazunguka ila taarifa haifiki: shuku sensa ya krenkishafti (inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka), pikapu (sensa ya kazi hiyo hiyo) iliyo ndani ya disitribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, au umeme unaolisha koili, inayopandisha volti ya plagi. Mshale ukishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, moto huenda upo na mafuta ndiyo ya kushukiwa.

Halafu taa za dashibodi. Taa ya betri na ya oili zikiwaka baada ya injini kuzima, ni kawaida; injini haizungushi alterneta wala pampu ya oili. Zisipowaka kabisa, na redio nayo imenyamaza, usipoteze muda kwenye mafuta. Umeme mkuu umekatika.

Umeme mkuu

Shika terminali za betri kwa mkono. Ikizunguka hata kidogo, tayari una mshukiwa. Unga mweupe au wa kijani usugue kwa maji ya moto na brashi, kisha piga msasa hadi shaba au risasi ing'ae. Fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi, na utafute waya mwingine unaounganisha injini na bodi. Huo ndio husahaulika, kwa sababu uko chini na umefunikwa na oili. Kuupima ni rahisi: ncha moja ya multimita kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si kwenye terminali, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige starta. Ukisoma zaidi ya nusu volti, eathi yako, yaani njia ya hasi, ni mbovu hata kama inaonekana imekaza. Injini ikiwaka, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5, ikisoma 12 na kuendelea kushuka, alterneta haichaji, na kompyuta ya gari itafika mahali ikate tamaa.

Swichi ya funguo nayo huchakaa, hasa kwa mtu anayening'iniza funguo za nyumba nzima kwenye ile moja ya gari. Injini ikiwa kwenye sailensi, gari limesimama na breki ya mkono iko juu, chezesha funguo taratibu bila kuizungusha. Injini ikikata au taa zikipepesa, umemshika.

Na hapa niseme ninachoamini bila kuzunguka: gari likiwa na alamu iliyofungwa baada ya kutoka kiwandani, anza nayo kabla ya kitu kingine chochote. Aliyeifunga alikata waya wa moto au wa pampu, akaupitisha kwenye relei ndogo (swichi inayoendeshwa na umeme), akasokota maungio kwa vidole na kuyazungushia tepu. Miaka kumi baadaye tepu imeyeyuka na shaba imekuwa nyeusi. Injini inakatika kwenye mashimo, na hakuna mashine ya kusoma makosa itakayokuonyesha. Unganisha waya ule moja kwa moja kama ulivyokuwa mwanzo, endesha wiki mbili, uone.

Magari ya nozeli (yanayopuliziwa petroli kwa umeme badala ya kabureta) ya miaka ya 1980 na 1990 yana kitu kingine cha kuangalia: relei kuu inayolisha kompyuta na pampu. Lehemu ya ndani hupasuka kwa joto, hasa relei ikiwa chini ya dashibodi na gari limeachwa juani madirisha yamefungwa. Dalili yake ni kwamba ukifungua funguo, taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki kabisa, wala husikii pampu. Ifungue, tazama migongo ya pini kwa kioo cha kukuzia. Ukiona duara jembamba jeusi limezunguka mguu wa pini, kama ufa kwenye udongo mkavu, huo ndio ugonjwa. Kuipiga lehemu upya kunatosha.

Linazima likiwa na joto, linawaka likipoa

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na washukiwa wake wakuu ni watatu: sensa ya krenkishafti, koili, na moduli ya moto (kidude cha kielektroniki kinachoiwasha na kuizima koili). Vyote vina nyaya nyembamba au maungio madogo ndani ambayo joto likipanda yanatanuka na kuachana, likishuka yanagusana tena.

Likizima, chomoa waya wa plagi moja, uvalishe plagi yako ya ziada, egemeza chuma cha plagi kwenye injini, mtu apige starta. Usiishike kwa mkono mtupu; mfumo wa moto wa kielektroniki unatoa makumi ya maelfu ya volti. Iweke mbali na petroli iliyomwagika au inayonuka. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika ikipasuka. Ya rangi ya chungwa na nyembamba ni dhaifu. Hakuna cheche kabisa? Sasa chukua maji baridi, lowesha kitambaa, kiweke juu ya sensa ya krenkishafti peke yake. Subiri dakika mbili, piga starta. Likiwaka, umeipata. Lisipowaka, hamia kwenye koili, halafu moduli. Kimoja kwa wakati. Ukivipoza vyote pamoja gari litawaka na hutajua nani alikuwa mwizi.

Kwa multimita, koili ya kawaida husoma kati ya nusu ohmu na ohmu 3 upande wa msingi, na ohmu elfu kadhaa hadi zaidi ya elfu kumi upande wa volti kubwa. Namba kamili inategemea gari, lakini kinachokuhusu zaidi ni tofauti: pima ikiwa baridi, pima tena wakati gari limezima. Koili iliyosoma elfu nane asubuhi na kukosa kusoma mchana haihitaji mjadala. Ukibadilisha moduli, usisahau kupaka chini yake ile mafuta nyeupe ya kupitisha joto. Moduli iliyofungwa kavu haidumu.

Gari langu la disitribyuta lilinisumbua hivi miezi miwili, ila halikufuata joto. Lilikuwa linazima ninapoachia mafuta baada ya mlima, si wakati wa kupanda. Nilibadilisha koili, nikabadilisha filta, nikasafisha kabureta mara mbili. Mwishowe daftari lilinifanya nijiulize: ni kitu gani kinasogea pale mguu unapoachia? Nilifungua kifuniko cha disitribyuta, nikaweka multimita kwenye nyaya za pikapu, nikanyonya kwa mdomo ule mpira mwembamba wa vakyumu, yaani wa mvuto wa hewa wa injini. Bamba la ndani linasogea kidogo ukinyonya, ndivyo linavyowahisha moto. Liliposogea, kipimo kiliruka kutoka mamia ya ohmu hadi waya uliokatika, nilipoachia, kikarudi. Waya mmoja, kwa nje mzima kabisa, ukiuvuta kwa vidole ulirefuka kama lastiki ya soksi. Shaba ilikuwa imekatika ndani, limebaki ganda.

Linazima siku za mvua

Hapa hakuna falsafa. Usiku, gizani, boneti wazi, injini ikiwaka, nyunyizia ukungu mwepesi wa maji kwenye waya za plagi na kifuniko cha disitribyuta. Ukiona mistari ya buluu inatambaa au kusikia mlio wa kupasukapasuka, badilisha kinachotambaliwa. Ndani ya kifuniko tafuta mstari mwembamba mweusi kama umechorwa kwa penseli kati ya vituo viwili. Haufutiki, ni njia ambayo umeme umejichongea.

Linafifia: mafuta

Fungua funguo bila kupiga starta. Kwenye magari mengi ya nozeli, pampu ya ndani ya tenki hulia kwa takribani sekunde mbili kisha inanyamaza. Zoea mlio huo siku gari likiwa zima, ili siku likikataa ujue kama upo. Pampu isipolia, mtu apige starta wakati wewe unagonga chini ya tenki kwa nyundo ya mpira. Likiwaka, brashi za mota ya pampu zimekwisha. Kipigo kinazisaidia kwa muda mfupi tu, kwa hiyo usifurahi, badilisha pampu. Lakini kwanza pima kwa testa kama umeme unafika kwenye soketi yake. Pampu nyingi zimetupwa kwa kosa la relei.

Pampu inayolia si lazima iwe nzima. Presha ya nozeli kwenye magari mengi ni kati ya bar 2.5 na 3.5. Fundi mwenye geji anaweza kuifunga kwa mpira mrefu na kuibana kwenye kioo cha mbele, kwa nje, ili muione mkiwa mnapanda mlima. Ikianza 3 na kushuka hadi 1 kadiri mnavyokanyaga, ni filta iliyoziba au pampu iliyochoka, na filta ndiyo ya kubadilisha kwanza.

Halafu kuna visa vya tenki. Tundu la hewa la kifuniko likiziba, mafuta yanapotoka hayapati hewa ya kujaza nafasi, tenki linajivuta ndani, pampu inashindwa. Likizima, fungua kifuniko na usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, "shuuu" ndefu, kisha gari likawaka, endesha kifuniko kikiwa kimelegezwa kidogo, umbali mfupi na bila kujaza tenki, uone kama dalili inapotea. Kisa kingine ni kipande cha karatasi, jani au ganda la kutu linaloelea tenkini. Pampu inalivuta hadi kwenye mdomo wa bomba, injini inakufa. Pampu ikisimama, takataka inadondoka, gari linawaka. Hii huiga ugonjwa wa joto vizuri sana, tofauti ni kwamba haijali kama umetembea dakika tano au saa mbili. Dawa ni kushusha tenki na kuliosha.

Kwenye kabureta, ondoa kisafisha hewa, chungulia kooni, vuta waya wa pedali ya mafuta kwa mkono injini ikiwa imezima. Mchirizi wa petroli unapaswa kuruka ndani. Usiporuka, bakuli ni kavu: sindano ya floti imekwama, filta imeziba, au petroli imechemka kwenye bomba linalopita karibu na ekzosi. Hiyo ya mwisho utaijua kwa kulowesha bomba na pampu kwa maji. Likikubali kuwaka ndani ya dakika chache, lisogeze bomba mbali na joto.

Linazima likisimama tu

Kwenye magari ya nozeli, mara nyingi ni uchafu. Fungua mpira mkubwa wa hewa, tazama kipepeo cha throto. Ukiona pete nyeusi ya masizi pale kinapofunga, hewa ya sailensi imezibwa. Safisha kwa dawa ya kabureta na kitambaa, injini ikiwa imezima, kisha safisha na ile valvu ndogo ya umeme inayopitisha hewa ya sailensi. Kwenye kabureta, sikiliza kidude cha umeme kinachofungua njia ya sailensi: kichomoe waya na kukirudisha funguo ikiwa wazi, kiseme "tik". Kikiwa bubu, gari litatembea vizuri barabarani na kufa kwenye kila taa.

Mipira ya vakyumu ya gari lenye umri hukauka na kupasuka kwenye miisho, mahali usipopaona mpaka uipinde. Injini ikiwaka, bana mmoja baada ya mwingine kwa koleo laini. Mpira ambao ukiubana sailensi inatulia, huo unapeleka kwenye tundu. Wengine hupulizia dawa ya kabureta kwenye gasketi za menifodi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) ili kusikia mzunguko ukibadilika. Inafanya kazi, na imewahi kuunguza magari, kwa hiyo kama injini ina joto mimi natumia maji ya sabuni.

Likizima kila unapokanyaga breki, kuna mambo mawili. Ama busta inavuja hewa: zima injini, pampu breki hadi iwe ngumu, shikilia, washa. Pedali isiposhuka kidogo chini ya mguu, au ukisikia mfyonzo karibu na kanyagio, busta au mpira wake umetoboka. Ama, kwa gari la gia otomatiki, klachi ya ndani ya tokikonveta (kinachounganisha injini na giaboksi) haiachii unaposimama, ni sawa na kusimama bila kukanyaga klachi. Jaribu kuweka nyutro kabla ya kusimama. Lisipozima kwenye nyutro lakini linazima kwenye D, na sailensi yake ni ya kawaida, lipeleke kwa mtu wa giaboksi.

Mashine ya kusoma makosa, na dizeli

Soketi ya OBD-II, ya kuchomekea mashine hiyo, ilikuwa ya lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na kwa ya petroli Ulaya kuanzia 2001. Gari la kabla ya hapo linaweza kuhesabu makosa kwa kupepesa taa, au lisiwe na chochote. Hata likiwa na soketi, lehemu iliyopasuka au terminali iliyolegea haiandiki kosa, maana kompyuta yenyewe ililala. Kosa la sensa ni mwelekeo wa kupima, si amri ya kununua sensa.

Dizeli ya zamani haina moto wa plagi, kwa hiyo orodha ni fupi: hewa inayoingia kwenye bomba la mafuta, filta iliyoziba, na solenoidi (valvu ya umeme) ya kuzimia iliyo juu ya pampu, ambayo ikikosa umeme kwa nusu sekunde injini inakata. Weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu. Ukiona viputo, fuatilia maungio hadi kwenye tenki.

Kuthibitisha

Gari kutozima siku tatu si uthibitisho. Rudi kwenye hali ile ile iliyoandikwa kwenye daftari: mlima ule, saa ile, tenki kiasi kile. Na kama kipuri kinabadilishika kirahisi, rudisha kibovu kwa makusudi. Ule waya wangu wa disitribyuta niliurudisha kabla ya kuutupa, nikawasha injini, nikanyonya mpira wa vakyumu. Likakata papo hapo. Nikafunga mpya, wa nyuzi nyingi laini ili upinde bila kuvunjika, nikanyonya hadi mashavu yakauma. Likaendelea kuunguruma.